Ng'ombe "huyu" akishakuwa "hii": wasanii wa leo na wanyama wa kwenye picha za kale

Bucha ya mtaani kwetu ina dirisha la kioo na nyuma ya kioo kuna ndoano nne. Ukipita asubuhi mapema unakuta ubavu mzima wa ng'ombe umetundikwa, mafuta ya njano mgongoni, na kwa ndani mifupa imepangana kama mataruma ya jahazi ambalo fundi hajalimaliza. Mi napenda kusikiliza watu kwenye foleni pale, maana Kiswahili kinabadilika mlangoni. Jana jioni alikuwa "ng'ombe huyu", leo ni "nyama hii", nipimie nusu, punguza mfupa. Hakuna aliyetufundisha kubadilisha, tunabadilisha tu. (Najua kuna watu wa bara wanasema "hii ng'ombe" hata akiwa bado anacheua, tusigombane, mmenielewa.) Ila kuna muda fulani kati ya kisu na mizani ambao ukiulizwa useme huyu au hii unapata kigugumizi.

Nimeanzia bucha kwa sababu hii ishu ya wasanii wa kisasa kuchukua wanyama wa kwenye picha za kale za Ulaya na kuwafanya wanachotaka inachanganya watu sana. Mtu anaona mtandaoni ng'ombe kakatwa katikati kawekwa kwenye tangi la kioo, anaambiwa hiyo ni sanaa na tena inajibizana na michoro ya karne zilizopita, anasema hawa wazungu wamekosa kazi. Mi naona ukishika hiyo huyu na hii ya buchani, nusu ya fumbo imeshafunguka.

Kwanza huko nyuma. Wakongwe tunaowasema hapa ni wachoraji wa Ulaya wa kuanzia kama miaka ya 1400 hadi 1700 na kitu, na kwao mnyama hakuwekwa kwenye picha bure, aliajiriwa. Mbwa chini ya meza kazi yake ni kusema hawa ni watu waaminifu. Farasi anasema huyu bwana ana jeshi. Mfano ninaoupenda ni yule dada wa Leonardo da Vinci, Cecilia Gallerani, aliyechorwa kama mwaka 1490 amempakata kinyama cheupe jamii ya kicheche. Ukoo wake ni Gallerani, na Kigiriki cha kale kinyama cha jamii hiyo kinaitwa galê, kwa hiyo hapo kuna fumbo la jina. Halafu mtawala wa Milan aliyekuwa mpenzi wake, Ludovico Sforza, alikuwa amepewa mwaka 1488 nishani inayobeba jina la kinyama hichohicho, kwa hiyo ukiangalia vizuri bibie amempakata bwana ake na makucha yote. Na juu ya hapo watu wa zamani waliamini kwamba kinyama hiki ni bora kife kuliko manyoya yake kuchafuka, basi na usafi wa tabia umeingia humo. Kazi tatu, mshahara mmoja, na kicheche mwenyewe hana habari.

Sasa neno kufasiri upya. Wengi wanadhani ni kunakili na kubadilisha rangi. Hapana. Afadhali ufikirie majibizano ya mashairi, mtu katunga, mwenzake anamjibu kwa bahari ileile na vina vilevile, lakini anageuza maana mpaka aliyetunga kwanza anajishika kichwa. Vina vinabaki ili ujue anayejibiwa ni nani. Kwenye picha mnyama mara nyingi ndo kina. Ukimuona unajua tunamjibu nani, na kinachobadilika ni kazi aliyopewa.

Turudi kwenye nyama. Mwaka 1655 huko Amsterdam mchoraji Rembrandt alichora ng'ombe aliyechinjwa na kuchunwa, kafungwa kwenye mbao, miguu ya nyuma juu na imetanuliwa, kichwa hakipo. Picha ipo makumbusho ya Louvre, Paris, na siyo kubwa, haifiki hata mita moja kwenda juu, lakini rangi imepakwa nzito mpaka mafuta ya ng'ombe yanaonekana kama ukigusa utapata utelezi. Nyuma kabisa mlangoni kuna mwanamke anachungulia. Michoro ya nyama ilikuwepo kabla yake, ilikuwa inakumbusha watu kwamba kila kilicho hai kitakufa, au inasema tu kwamba nyumba hii wanakula vizuri. Ya Rembrandt haisemi hivo moja kwa moja. Ule mwili umetanuliwa kama mtu aliyesulubiwa, wengi wameliona hilo, na yule mama anachungulia kama mtu aliyesikia kishindo. Yaani ni ng'ombe aliye kwenye ule muda wa kigugumizi, katikati ya huyu na hii. (Mwaka uliofuata Rembrandt alifilisika kabisa. Sisemi inahusiana, nasema tu.)

Rukia miaka ya 1920, Paris. Chaim Soutine, mchoraji aliyetoka familia maskini ya kijiji kimoja cha kule Belarusi, alikuwa anakwenda Louvre kumuangalia yule ng'ombe mpaka ikawa kama ibada. Karibu mwaka 1925 akaamua kumjibu Rembrandt, akanunua ng'ombe mzima aliyechunwa akamtundika kwenye chumba chake cha kazi. Siku zikapita. Nyama ikaanza kukauka na kuwa nyeusi, yeye anataka nyekundu, basi anakwenda machinjioni anachota damu kwenye ndoo anakuja kuimwagia. Inasimuliwa kwamba alimlipa mtu wa kupepea nzi, na majirani walishindwa na harufu mpaka watu wa afya wakaja kugonga mlango, yeye anawaomba wamuache amalizie.

Hapa Kiswahili kinatusaidia tena kwa sababu tuna neno mzoga, na mzoga siyo nyama. Nyama imechinjwa, inaliwa. Mzoga umejifia au umeoza, unatupwa. Soutine alianza na nyama akaishia na mzoga, na michoro yake imeshika ule mpito wenyewe, nyekundu inayopiga kelele kwenye bluu ya giza, hakuna utulivu wa Rembrandt hata kidogo. Ng'ombe wa Rembrandt kakubali, wa Soutine bado anapigana.

Halafu mchoraji wa Uingereza Francis Bacon mwaka 1954 akachora papa wa Kanisa Katoliki, yule ambaye Mhispania Velázquez alimchora mwaka 1650, Innocent wa 10, akamkalisha mbele ya pande mbili za ng'ombe zinazoning'inia kama mabawa. Picha ipo Chicago. Bacon alishawahi kusema kwamba akiingia bucha huwa anashangaa kwa nini siyo yeye aliyetundikwa pale. Ukishalisikia hilo ile picha inasomeka yenyewe: papa ni "huyu" kwa sasa tu, nyama iliyo nyuma yake inamsubiri.

Na ndo tunafika kwa msanii wa Uingereza Damien Hirst, yule wa matangi. Mwaka 1993 alionyesha Venice kazi inayoitwa Mama na Mtoto, Waliogawanywa: ng'ombe na ndama wake, kila mmoja kakatwa katikati kuanzia puani mpaka mkiani, nusu nne kwenye matangi manne ya fomalini, ileile dawa ya kuhifadhia maiti, na unapita katikati ya nusu mbili unaona utumbo kushoto na kulia. Jina linachezea picha za Bikira Maria na Mtoto ambazo wakongwe walizichora mpaka basi. Rembrandt alichora ng'ombe, Soutine alinunua ng'ombe ndo akamchora, Hirst akaona kuchora ni kupoteza muda akaleta ng'ombe. Mi kwa upande wangu kazi hii nusu naikubali, nusu inanikera. Naikubali kwa sababu inakuweka mahali pa yule mama wa mlangoni, huwezi kuchungulia tena, umeshaingia. Inanikera kwa sababu mwaka 2007 ilitengenezwa nakala ya maonyesho, maana yake ng'ombe mwingine na ndama mwingine, kama mtu anaagiza spea ya gari. Hapo "huyu" imekufa kabisa, na sidhani kama ndo alichokuwa anataka kutuambia, au labda ndicho.

Kwenye mstari huohuo kuna video ya Sam Taylor-Johnson ya mwaka 2002, dakika kama 4 na nusu hivi, sungura mfu katundikwa mguu mmoja ukutani, mtindo uleule wa picha za mawindo ambazo matajiri wa zamani walitundika kwenye vyumba vya kulia. Kamera imerekodi kwa siku nyingi halafu ikaharakishwa. Sungura anavimba, anachemka funza, analegea, anaisha. Pembeni kuna tunda la pichi ambalo halibadiliki hata kidogo. Wachoraji wa zamani waligandisha muda, yeye kauachia.

Basi hao wote wanakwenda njia moja, kutoka huyu kwenda hii. Wapo wanaorudi kinyumenyume na hao mi ndo nawapenda zaidi.

Mwaka 1656 Velázquez alichora lile picha kubwa la familia ya mfalme wa Hispania, Las Meninas, zaidi ya mita tatu kwenda juu. Binti mfalme katikati, wahudumu pembeni, mchoraji mwenyewe kasimama na brashi, na chini kulia kuna jibwa kubwa limelala, macho nusu yamefumba, na kijana mmoja wa ikulu analisukuma kwa mguu. Mbwa gani, anaitwa nani, hatuhangaiki. Kazi yake ni kuwa mbwa wa mfalme, mzito na mtulivu kama fanicha.

Aprili 1957 mpigapicha Mmarekani David Douglas Duncan alikwenda kumtembelea Picasso kule Cannes akiwa na kibwa chake, wale wa mgongo mrefu na miguu mifupi kama kiti cha mbuzi. Kinaitwa Lump, Kijerumani hicho, yaani mhuni. Kwa Duncan kulikuwa na mbwa mwingine mkubwa anayemuonea, hapa kwa Picasso kuna bustani, kuna mbuzi, kuna mzee asiyekemea mtu. Lump akaangalia mazingira akaamua hahami. Siku ileile ya kwanza Picasso akamchora kwenye sahani. Agosti mwaka huohuo Picasso akajifungia na Las Meninas na mpaka Desemba akawa ametoa michoro 58, leo ipo Barcelona kwenye makumbusho yake. Anamvunjavunja Velázquez kila upande, binti mfalme anakuwa pembetatu, mchoraji anakuwa mnara unaogusa dari. Na pale chini kulia, lile jibwa la mfalme halipo. Yupo Lump. Mistari michache tu, kama mtoto kachora, lakini ndiye.

Watu wanaona ni utani na kweli ni utani. Ila angalia kilichotokea: kwenye picha iliyojaa watu wa kifalme waliogeuzwa kuwa maumbo, mmoja peke yake ana jina na anwani, mbwa. Mtunzi wa pili kachukua kina cha mwenzake akaweka mtu wa nyumbani kwake. Lump alikufa mwishoni mwa Machi 1973, na Picasso akamfuata siku chache baadaye, tarehe 8 Aprili.

Kuna na mbwa wa Mhispania Goya ambaye simalizi kumuelewa. Goya alimchora ukutani nyumbani kwake kati ya mwaka 1819 na 1823, kichwa tu kinachungulia kutoka kwenye kitu cha kahawia, labda mchanga, labda kilima, juu yake utupu wa njano. Hakuna bwana, hakuna mawindo, mbwa hana ajira. Mhispania mwingine, Antonio Saura, alimrudia huyo mbwa kwa miaka mingi, tena na tena, mpaka kichwa cha mbwa kikaanza kufanana na uso wa mtu.

Sungura nao wana kesi yao. Albrecht Dürer alichora sungura mwaka 1502, rangi za maji, unyoya kwa unyoya, na ukisogea karibu kwenye jicho lake unaona dirisha limeakisiwa, kwa hiyo huenda alikuwa ndani ya chumba, mtu kamuweka hapo. Ni "huyu" kweli kweli. Mchoro upo Vienna na hautolewi mara kwa mara kwa sababu mwanga unauharibu, lakini nakala zake zimeenea kila pahala. Mwaka 2003 msanii Ottmar Hörl akapanga sungura 7,000 wa plastiki, wengi wa kijani, kwenye uwanja wa soko wa Nuremberg, mji aliozaliwa Dürer. Siku ile ungesema sungura hawa au sungura hizi? Mi ningesema hizi. Na ndo ilikuwa hoja, kwamba huyu mmoja mpole tumeshamzalisha kiwandani kichwani mwetu kitambo, Hörl katuonyesha tu stoo.

Farasi nitapita haraka haraka ila kuna jambo moja lazima niseme. Yule farasi hai kuliko wote kwenye uchoraji wa Uingereza, Whistlejacket wa George Stubbs wa kama mwaka 1762, kasimama miguu miwili, ukubwa wa farasi halisi, hana mpanda farasi wala nyasi nyuma yake, alitokana na bucha. Kabla ya hapo Stubbs alijifungia miezi 18 kwenye nyumba ya shamba kule Lincolnshire akitundika farasi waliokufa kwa ndoano na minyororo, akiwapanga wakae kama wanatembea, anawachuna tabaka kwa tabaka huku anachora. Mark Wallinger mwaka 2001 alimchukua Whistlejacket akamgeuza kuwa kama negativu ya filamu ya zamani, akamuongeza pembe ya paji la uso, akamuita Mzuka. Pembe moja tu imeongezwa na farasi aliyejulikana kila msuli sasa ni mnyama ambaye hajawahi kuwepo.

Kehinde Wiley wa Marekani alifanya kinyume mwaka 2005: alichukua picha ya Napoleon anavuka milima ya Alps, akamuacha farasi mweupe na mkao wake, akamtoa Napoleon akampandisha kijana mweusi wa mtaani mwenye nguo za kijeshi za mabakamabaka na buti za Timberland. Napoleon mwenyewe alivuka juu ya nyumbu (yule chotara wa punda na farasi, siyo wa mbugani), farasi aliwekwa na mchoraji David ili kumpa bwana mkubwa heshima. Kwa hiyo farasi alikuwa kibali cha utukufu toka mwanzo, Wiley kabadilisha jina la mwenye kibali. Mtu akikwambia Wiley kanakili tu muulize kwa nini farasi hajaguswa.

Kwa kipimo hichohicho zile picha za paka aliyewekwa mahali pa Mona Lisa zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hazijafasiri kitu. Zinachekesha, mi mwenyewe nazituma. Ila paka hajapewa kazi, kapewa kiti tu.

Nimeiacha ya mwisho inayotugusa huku. Titian, mchoraji wa Venice, alipokuwa mzee kabisa, miaka ya 1570, alichora Marsyas anachunwa ngozi. Hadithi ni ya Wagiriki: Marsyas ni nusu mtu nusu mbuzi, alishindana muziki na mungu Apollo akashindwa, adhabu yake ni kuchunwa akiwa hai. Titian kamfunga mtini kichwa chini, miguu ya mbuzi juu. Ukitoka bucha ukaiona hiyo picha huhitaji maelezo. Na chini kabisa kuna kijibwa kidogo kinalamba damu. Hakikuajiriwa kusema uaminifu wala utajiri, kimeona damu kinalamba.

Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, ana picha ya mwaka 2017 yenye jina hilohilo la kuchunwa kwa Marsyas. Huyu ndiye aliyemchukua pia Venus wa Velázquez, yule aliyelala kakupa mgongo, akamleta kwenye picha ya mwaka 2015 inayohusu wanawake waliovuliwa nguo hadharani Nairobi. Lakini cha kuangalia ni anachochorea. Hatumii turubai ya kitambaa. Anatumia lubugo, kitambaa cha gome la mti cha Waganda ambacho kwao huvikwa maiti, na alikutana nacho kwa mara ya kwanza kwenye soko la vitu vya watalii Nairobi kikiwa kimekatwakatwa. Lubugo ina matundu na mishono, rangi haitulii sawasawa, uso wa mtu unaweza kuangukia palipo na tundu na yeye akaliacha.

Sasa fikiria namna inavyopatikana, na haya ni mawazo yangu mi, sijui kama yeye angekubali. Fundi anakwenda kwenye mutuba, ndo mti wenyewe wa lubugo, anachanja gome juu na chini, anafungua mchano mmoja wa wima, halafu analivua taratibu mpaka mti unabaki mweupe na unyevu. Gome linapikwa kwa mvuke, linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mikwaruzo mpaka linakuwa pana na laini. Yaani picha ya kuchunwa ngozi imechorwa juu ya ngozi iliyochunwa. Mti wenyewe haufi. Siku ileile unafungwa majani ya mgomba kuzunguka shina lote, na gome jipya linaanza kuota chini yake.